Ufagio wa Mwanza: Kumbukumbu za Askari na Masikio ya Fasihi

Katika vitabu vya Ulaya na Marekani juu ya vita vya 1914–1918 katika Afrika Mashariki, kiko kisa kimoja cha Mwanza ambacho waandishi hupenda kukirudia, na mara nyingi hukiweka katika kurasa za mwisho, mahali pa kumtoa msomaji machozi. Charles Miller alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1974, na wengi wamekichukua kwake. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikufa mwezi wa Machi 1964. Mwaka huo Bunge la Ujerumani ya Magharibi likakubali kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliokuwa wangali hai mishahara ambayo hawakuipata tangu vita kwisha. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza, kando ya Ziwa. Yasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka wa 1918; wengine walileta vipande vya sare kuukuu; wengine hawakuwa na kitu cha kuonyesha ila nafsi zao. Basi mtu wa benki aliyeleta fedha akapata shauri. Kila aliyedai alipewa ufagio mkononi, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki. Hapakuwa, wasema wasimuliaji, hata mzee mmoja aliyeshindwa.

Kisa ni kizuri, na uzuri wake ndio unaostahili kuchunguzwa. Mna jenerali mwenye jina, mna mtu wa benki mwenye akili, mna lugha ya amri, nayo ni Kijerumani, mna ufagio. Wazee wenyewe hawana majina, wala hakuna aliyefungua kinywa. Kati ya watu mia tatu na hamsini waliopita mbele ya meza ile, hakuna neno moja lililohifadhiwa: si la furaha, si la hasira kwa kucheleweshwa miaka arobaini na sita, si la kuuliza kiasi cha fedha. Ni kisa cha askari kisicho na askari anayesema.

Si lazima kukikana. Viungo hukumbuka, mtu aliyefundishwa kwata akiwa kijana aweza kuifanya akiwa mzee wa miaka sabini, kama vile mvuvi asivyosahau namna ya kushika kafi. Lakini yafaa kuuliza ni jambo gani lililothibitishwa na ufagio ule. Kilichothibitishwa ni kwamba mzee alikuwa ametii. Hakuulizwa aliona nini, alikula nini, alimwacha nani njiani, wala kwa nini aliingia katika kazi ile. Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka wa 2014 juu ya askari wa jeshi la Kijerumani, ameonyesha kwamba watu hao walikuwa na makusudi yao wenyewe: walitafuta mali, nyumba, wafuasi na heshima ya ukubwa, na mara nyingi waliyapata kwa kuwaumiza wanavijiji. Utiifu waliokuwa nao ulikuwa na hesabu ndani yake. Kisa cha ufagio hakina nafasi ya hesabu hiyo, kwa sababu kimetungwa ili kumsifu jenerali kwa njia ya mikono ya watu wake.

Wala hakina nafasi ya mpagazi. Vita vile vilibebwa kichwani kuliko vilivyopigwa kwa bunduki, na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari kwa mara nyingi. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam ni mabaki ya jina la kikosi chao upande wa Waingereza. Tarehe 14 Julai 1916 majeshi ya Sir Charles Crewe yalipouchukua mji wa Mwanza, na baadaye yalipoelekea Tabora, kila mfuko wa unga na kila sanduku la risasi ulikuwa na shingo chini yake. Mtu wa benki angempima mpagazi kwa nini? Angemtwika mzigo? Mwanamke yeyote wa sokoni angeufaulu mtihani huo.

Tena tarehe yenyewe yafaa kuangaliwa. Mwaka wa 1964 ulianza kwa uasi wa askari wa Tanganyika Rifles mwezi wa Januari, jeshi lililorithiwa kutoka kwa King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya. Na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Taifa lilikuwa linatafuta askari mpya asiye na kumbukumbu ya bwana wa zamani. Wazee wenye mafagio walikuwa wa vita visivyokuwa vya taifa hili, na walioshinda Keya na wakarudi Burma nao walikuwa karibu katika hali hiyo. Kwa hiyo wakati Ulaya ilipowasifu kwa machozi, nyumbani hawakuwa na mtu wa kuwauliza. Hizi ni namna mbili za kutosikiliza.

Je, fasihi ya Kiswahili imesikiliza vizuri zaidi? Jibu la haraka ni kwamba imevitunza vita kwa bidii kubwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliohaririwa na J. W. T. Allen, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Maji Maji, uliochapishwa na W. H. Whiteley mwaka wa 1957. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939–1945, ukachapishwa mwaka wa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Lugha chache za Afrika zina ukoo wa namna hii wa tenzi za vita. Lakini utenzi ni chombo chenye desturi zake. Huanza kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi kwa kuomba karatasi na wino. Huenda kwa beti za mistari minne yenye mizani minane. Hukoma kwa mtungaji kujitambulisha na kutaja tarehe. Anayejulikana kwa hakika katika utenzi ni mtunzi. Wapiganaji huwa mashujaa wachache wenye majina, na nyuma yao ni umati.

Desturi hiyo haikumdhuru sana Hemedi, kwa sababu vita vyake vilikuwa vya pwani yake mwenyewe, na wakubwa waliopigana walikuwa watu ambao wasikilizaji wake waliwajua. Kwa Shaaban Robert mambo ni tofauti. Yeye alikuwa karani wa serikali, hakuwa askari. Vita alivipata katika habari zilizoandikwa na kutangazwa. Utenzi wake una beti zaidi ya elfu tatu, nao hutembea kutoka nchi hata nchi kama kidole juu ya ramani. Ni kazi ya ajabu kwa upana, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuupa ulimwengu mzima mizani minane ya Kiswahili. Hata hivyo macho yake ni macho ya msomaji wa magazeti, na ubaridi wake hutoka hapo. Vita vya namna hii huonekana kutoka juu. Tope halionekani kutoka juu.

Na tope lilikuwako. Katika majira ya mvua ya mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa na vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, iliteremka katika bonde la Kabaw nchini Burma, bonde la malaria na utelezi, hata ikafika Kalewa, ambapo daraja liliwekwa juu ya mto Chindwin mwezi wa Desemba. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari mwaka ule, meli Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Meli za ulinzi zilitupa mabomu ya kuiwinda manowari mahali pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Mambo kama haya yahitaji msimuliaji aliyekuwa ndani ya maji. Magazeti ya wakati ule, Mambo Leo la Dar es Salaam na Baraza la Nairobi, yalikuwa chini ya macho ya serikali ya vita. Na barua za askari zilisomwa na wakaguzi kabla hazijafika nyumbani. Askari aliyejua kuandika aliandika akijua kwamba msomaji wake wa kwanza ni ofisa.

Basi alikosema askari kwa uhuru zaidi ni katika ngoma. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka wa 1975 juu ya Beni, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ya pwani, yenye makundi ya Marini na Arinoti, ilivyochukuliwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake wa mchezo. Wapo waliodhani kwamba watu wale walikuwa wakiiga tu wazungu. Yaelekea zaidi kwamba walikuwa wakihadithia: cheo ambacho askari hangeweza kukipata jeshini alikivaa jioni uwanjani, na wenziwe wakakiangalia kwa makini na kwa kicheko. Hiyo ni kumbukumbu ya vita iliyo na hukumu ndani yake, lakini haikuandikwa kitabuni kwa sababu haikuwa na umbo ambalo wasomi walilihesabu kuwa fasihi.

Vita vya Kagera vyaonyesha tatizo hili kwa uwazi zaidi, maana vilipiganwa na jeshi lililozungumza Kiswahili toka jenerali hata kuruti, na walioshiriki wangaliko. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalivunja daraja la Kyaka. Mapema Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na kutoka hotuba hiyo maneno matatu, uwezo, sababu na nia, yakashika akili za watu hata leo. Mwezi wa Januari 1979 Mutukula ikatwaliwa, Februari, Masaka, tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni askari wa Tanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudani. Sehemu kubwa ya njia hiyo walikwenda kwa miguu.

Vitabu vilikuja upesi. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka wa 1980. Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka wa 1981. Vyote viwili vilitimiza haja ya wakati wake. Lakini yaangaliwe majina ya vitabu hivyo: mmoja azama, mmoja aanguka, na ni mtu yule yule. Adui ndiye aliyepewa kitenzi. Yule aliyetembea kutoka Kyaka hata Arua hamo katika jalada.

Katika mji wa Mwanza wa leo, kata ya Mirongo imo katikati, na mto wenye jina hilo hushuka toka vilima vya mawe, ukapita baina ya nyumba na maduka, ukaingia Ziwani. Mwanza ulikuwa mji wa nyuma wa vita: reli iliyofika hapa mwaka wa 1928 na bandari yake ndizo zilizoufanya uwe hivyo, na ndizo zilizoufanya ulengwe. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kupiga ghala la mafuta, ikakosea, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na ambacho tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Waliokufa ni swala kadhaa na ndege. Tukio hili ni kipimo kizuri cha maumbo ya fasihi. Katika utenzi ni la kuchekesha, au la kupitwa kwa ubeti mmoja wa kumdhihaki adui. Katika masimulizi ya wenyeji wa kandokando ya Ziwa lina uzito mwingine: siku hiyo mji ulijua kwamba kifo kilikuwa kimeutafuta na kikakosea nyumba. Kicheko na hofu humo hukaa pamoja, wala msimuliaji hapatanishi kimoja na kingine.

Askari wa Kagera walitunga pia fasihi yao fupi, yaani majina. Silas Mayunga aliitwa Mti Mkavu. John Walden aliitwa Black Mamba. David Musuguri akawa Jenerali Mutukula. Ni kosa kuyachukua haya kuwa ni lakabu tu. Mti Mkavu ni sitiari iliyokamilika: usiokauka zaidi, usioogopa jua, usiopinda, na pengine ulio hatari kuuegemea. Mtu aliyezoea majina ya sifa ya Usukumani hatashangaa kuona jeshi likimtawaza mkubwa wake kwa maneno mawili kuliko kwa beti mia. Na upande wa pili wa mpaka Waganda walilichukua neno la Kiswahili, wakaombozi wakaita Bakombozi. Kiambishi kimoja kimebadilishwa, na ndani yake mna historia nzima ya mapokezi: shangwe ya kwanza, na baadaye, jeshi lilipokaa, namna nyingine ya kulitamka jina lile lile.

Lakini majina ni mafupi, na simulizi lahitaji mwendo. Hapa ndipo uhakiki wa Kiswahili umekosea ndugu wa masimulizi haya. Umeyapima kwa utenzi, ukayaona hayana mpango. Au umewaachia wanahistoria, ambao huyapima kwa hati na kuyaona hayana tarehe. Ndugu yake wa kweli yuko karibu sana na Mwanza, ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka wa 1945, mwaka ule ule vita vya dunia vilipokwisha, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya 1980. Ndani ya kitabu hicho kikubwa jambo kubwa huenda polepole. Mume ataka kumrudisha mkewe kwa wakwe. Wakwe wadai pombe ya ndizi. Na msomaji hupitishwa katika kazi yote ya kuipata pombe hiyo, hatua kwa hatua, mpaka ajue kwa mikono yake mwenyewe gharama ya mke kurudi nyumbani. Wasomaji waliozoea riwaya za mjini wameuita mwendo huo uchovu. La, ndiyo hoja yake. Thamani ya kitu ni kazi iliyoingia ndani yake, na kazi haielezeki kwa muhtasari.

Simulizi la askari wa miguu lina mpango huo huo. Hufuata njia, wala halifuati mapigano. Laeleza uzito wa mzigo, maji yalipatikana wapi, viatu viliharibika lini, nani alijua kupika kwa moto usiotoa moshi. Mapigano yenyewe huja kwa sentensi mbili, kisha msimuliaji hurudi kwenye chakula. Mkusanyaji mwenye haraka hudhani mzee anapotea, akamrudisha kwa swali: ‘Na vita je?’ Mzee alikuwa katika vita wakati wote. Mapigano ni saa chache. Vita ni miezi ya kubeba. Wale wapagazi wa 1916, kama wangeulizwa, wangesema hivyo hivyo, na mfano wa Kitereza ungetosha kumfundisha mwandishi namna ya kuwasikiliza.

Haya hayasemwi ili kumfanya mkongwe awe chemchemi safi ya ukweli. Masimulizi ya Kagera yamejaa redio. Uwezo, sababu na nia huingia katika kinywa cha mtu ambaye, siku hotuba ile iliposemwa, pengine alikuwa shambani hajaandikishwa bado. Na mambo yaliyofanywa Masaka, mji uliobomolewa kulipiza yaliyofanywa Kagera, husimuliwa kwa sauti ya chini au hayasimuliwi. Mhakiki anayesikia maneno ya hotuba katikati ya habari za viatu asiyaondoe kama uchafu. Kule kuingia kwake ni sehemu ya maana: huonyesha mahali ambapo msimuliaji aliishiwa na maneno yake, akaazima ya taifa. Mara nyingi ni pale ambapo pana mtu aliyekufa.

Wakati si mwingi. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeingia Keya mwaka wa 1942 akapelekwa Madagaska, na ambaye miaka 37 baadaye aliongoza majeshi kuingia Kampala, alifariki mwezi wa Oktoba 2024 akiwa na umri uliopita miaka mia. Katika mtu mmoja zilikutana Keya, uasi, jeshi jipya na Kagera. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini siku daraja la Kyaka lilipovunjwa sasa anaukaribia umri wa wazee wale wa ufagio. Wanafunzi wa vyuo wanao vinasa sauti katika mifuko yao, na wengi wamekwisha kuanza kukusanya. Shida haiko katika kunasa, iko katika kuandika kilichonaswa. Nakala nyingi za namna hii husahihishwa. Kiswahili cha jeshini chenye kombania na afande hufanywa cha sanifu, marudio hufutwa, habari za chakula hupunguzwa. Mzee amesema ‘tukaenda, tukaenda, tukaenda’, akinyanyua mkono kidogo kila mara. Karatasini imeandikwa ‘tulisafiri mwendo mrefu’, na maili zote baina ya Mutukula na Kampala zimekwisha katika maneno matatu.